Kifungu cha Wazaliwa

Nyumbani kwa Mama,
Ijumaa asubuhi.

Kwako mdogo wangu Wakili,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likikusumbua limetulia au limeng'olewa. Mama yupo. Goti lake likitaka linampandisha ngazi, na lisipotaka anakaa chini na kutuamuru sote kutoka hapo alipo. Kuhusu sisi wengine, najua barua inanitaka niandike kwamba tu wazima na hatuna hofu ila juu yako. Nitafika huko kwa zamu yake.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Lakini wewe mwenyewe unajua simu zangu unavyozipokea siku hizi. Mara nyingi huzipokei, na ukizipokea, mtandao unaharibika kila ninapotaja neno kifungu. Mtandao wa ajabu huo, unaochagua maneno. Tangu Jumanne ndiyo kabisa, nikipiga naambiwa namba yako haipatikani, na kwa simu ya jirani inaita vizuri. Basi barua haina kitufe cha kukata. Nampa msaidizi wa nahodha wa meli ya kesho, na ameniapia kwamba atakukabidhi mkononi, si kwa karani wako. Isome yote. Nakufahamu tangu ukiwa huna meno ya mbele: kitabu ulikuwa unaanza ukurasa wa mwisho, kisha unajidai umekimaliza. Leo naomba uanze mwanzo kama watu wengine.

Nianze na ile siku ya furaha, maana nayo ilikuwepo. Redio ilipotangaza kwamba muswada wa kura ya maoni umewasilishwa, na kwamba aliyeuwasilisha ni mbunge wetu wa kisiwa, nilikuwa kliniki nikimpima mama mmoja tumbo. Honi zilianza bandarini zikapanda mpaka hospitali. Mfamasia, yule asiyesalimia mtu kabla ya chai ya saa nne, alitoka dirishani kwake akamkumbatia mlinzi. Nilimkumbuka Baba. Kila gavana mpya alipotumwa kwetu, Baba ndiye aliyekuwa akishusha mizigo yake kwa winchi, makabati na piano na mbwa, halafu anarudi nyumbani, anavua buti, anasema wametuletea mwingine na hakuna aliyetuuliza. Amekufa akisema hivyo. Sasa tulikuwa tunaulizwa, na anayetuulizia ni mwanawe: tubaki hivi tulivyo, milki ya watu yenye jina la heshima, tuwe jimbo kamili lenye haki sawa na majimbo mengine, au tusimame wenyewe. Mama alilia mpaka shuka likalowa. Na mimi, nisiyecheza hata kwenye harusi, nilicheza ukumbini na aproni yangu, mbele ya wajawazito. Nilijivunia wewe hadi kifua kikaniuma. Ndiyo maana hasira niliyonayo leo ina uzito huu. Ingekuwa ni mtu baki ningemtukana nikaendelea na kazi zangu.

Nakala za muswada zilikuja na meli, zikabandikwa kila ubao wa matangazo. Ya kwetu hospitali iliwekwa kando ya picha ya kunyonyesha. Nilisoma kile kifungu mimi mwenyewe, nikatikisa kichwa kwa kuridhika, nikapita. Kilisema kuwa mwenye haki ya kupiga kura ni mtu yeyote aliyezaliwa katika ardhi ya kisiwa, popote anapoishi sasa. Maneno matamu. Nani atakataa kwamba kisiwa kiamuliwe na waliozaliwa kisiwani? Tulikipita sote, daktari, walimu, hata mzee wa posta anayesoma gazeti na matangazo ya vifo yote.

Aliyekigundua ni mpishi wa shule. Alikuwa kwenye benchi la kliniki anavaa viatu kwa taabu, mimba yake ikiwa bado changa lakini miguu imeshavimba, na mwenzake alikuwa akimsomea ubaoni ili wapitishe muda. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, kwamba sasa huyu aliye tumboni je, na ndugu zake wakubwa je, na yeye mwenyewe je. Benchi zima likageukia ubao.

Maana wewe na mimi tulizaliwa katika wodi ile ya ghorofa ya chini, lakini ni nani mwingine? Nilipokuwa mkunga mpya, hata sare bado ina harufu ya duka, serikali ya ng'ambo iliondoa mpasuaji na mtaalamu wa usingizi, ikafunga chumba cha upasuaji, kisha ikatoa amri kwamba pasipo upasuaji hapana kuzalisha. Wodi ya wazazi ikawa stoo ya vitanda vibovu na mashine za kupulizia mbu. Tangu hapo mwanamke wa kisiwa akiingia mwezi wa nane anapanda meli, anavuka, anakaa kwenye ile nyumba ya kungojea nyuma ya bandari ya ng'ambo, anajifungua kati ya watu asiowajua, na anarudi na mtoto mkononi huku gati zima likipiga vigelegele. Mwanangu nilimzaa kule. Watoto wetu wametaniana hivyo tangu chekechea, wewe umekuja na meli gani, mimi nimekuja na ile iliyoleta saruji. Ilikuwa mzaha wetu. Umekwenda ukaufanya sheria.

Na kazi yangu miaka yote hii imekuwa ni kuhakikisha hakuna anayebaki. Wenzangu mahali pengine wanasifiwa kwa watoto waliowapokea. Mimi nasifiwa kwa wanawake niliowaondoa. Nimewabembeleza, nimewatisha, nimewafungia mabegi, nimewashika mikono ngazini wakitapika. Kwa hiyo ukitafuta mtu aliyehakikisha kwamba vijana wa kisiwa hiki wasizaliwe kisiwani, usiende mbali, ni dada yako, kwa amri iliyosainiwa na watu hao hao unaokaa nao kwenye viti vya ngozi.

Lakini kuna waliozaliwa hapa, na hilo ndilo linalonifanya nitafune ulimi. Nyuma ya ukuta wa kambi ya jeshi hospitali ipo, chumba cha upasuaji kipo, wodi ya wazazi ipo na mapazia ya maua. Ni ya askari na familia zao. Raia haingii ila kwa ombi la ofisi ya gavana au ofisi ya mbunge, na hilo unalijua kuliko mimi, maana ulilifanya kwa yule mwenye duka la saruji utumbo wake ulipojisokota. Ulipiga simu moja tu, lango likafunguka kabla jasho lake halijakauka. Nilikusifu siku ile. Sasa wale watoto wa askari waliozaliwa nyuma ya ukuta, wakaondoka wakiwa bado wanatambaa, wasiojua sokoni kunakwendwaje, hao ndio wazaliwa. Watatumiwa karatasi za kura kwa posta huko waliko. Mwalimu wa hisabati, anayefundisha watoto wa nusu ya mji huu kujumlisha, si mzaliwa. Mwanangu si mzaliwa. Mume wake, fundi wa majokofu, anayeamshwa na kila mwenye bucha umeme ukiyumba, si mzaliwa. Na daftari la wapiga kura litakaloandikwa sasa, muswada unasema, ndilo litakalotumika katika kila kura ya kuamua mambo ya kisiwa baada ya hii. Yaani hata watakaozaliwa kesho, wakizaliwa ng'ambo, wameshakatwa.

Ulikuja, sikatai. Ukakutana na watu ukumbini shuleni, ukakaa kwenye kiti cha mtoto magoti yakiwa usawa wa kidevu, watu wakacheka na hasira ikapungua kidogo. Una kipaji hicho. Ukasema ni kuteleza kwa kalamu tu, kwamba waandishi wa sheria kule hawajui mambo ya meli na nyumba ya kungojea, na kwamba wewe mwenyewe utasimamia neno hilo litoke. Kiroboto alisimama mwisho wa ukumbi. Mpwa wako huyu, aliyezunguka na spika kichwani wakati wa kampeni zako mpaka sauti ikamkauka, aliyepaka jina lako kwenye kuta ambazo hata leo wenye nyumba wananidai nizisafishe. Hakukupigia kelele. Aliuliza kwa adabu kabisa kama mjomba wake ana hakika kwamba ni kalamu iliyoteleza. Ukamjibu kuwa mjomba hawezi kumsahau mwana wa dada yake. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga makofi, Mungu anisamehe. Ukala kwa Mama, ukaomba uongezewe, ukaondoka na ndege ya jioni.

Sasa nisikilize vizuri. Unajua kwamba tangu uchaguliwe, Mama hazimi redio ya bunge. Watu wengine husikiliza siku ya bajeti, au siku wabunge wanapotukanana. Mama husikiliza hata vikao vya kamati vya mchana, vile wanavyosoma kifungu kwa kifungu, koma kwa koma, ambavyo nadhani hata watangazaji wenyewe huwa wamelala. Anasikiliza kwa sababu huenda ukakohoa. Ninyi mlidhani mnazungumza chumbani. Mlikuwa mnazungumza kwenye jiko la Mama.

Alinyamaza wiki nyingi. Nilidhani ni goti. Niliona tu redio imezimwa na kufunikwa kitambaa, nikamuuliza kama betri zimekwisha, akasema masikio ndiyo yamekwisha. Ni baada ya wewe kuondoka na ndege ya jioni, tukiwa tunaosha vyombo ulivyolia chakula, ndipo aliponiambia bila kunitazama. Kwamba muswada ulipoingia kamatini mara ya kwanza, kifungu kilisema mkazi aliyelelewa kisiwani. Na kwamba ni sauti ya mwanawe, si ya mtu mwingine, iliyosema mheshimiwa mwenyekiti, naomba maneno hayo yafutwe na pawekwe mzaliwa. Akasema ulisema polepole, kwa ile sauti yako ya kuomba kipande cha mwisho cha mkate ukiwa mdogo, ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuikatalia.

Nilivunja sahani. Sikuiangusha, niliivunja.

Nilipokupigia hukukana, hilo nakupa. Ulinieleza kwa utulivu kana kwamba unamweleza mgeni njia. Ukasema chama kikubwa cha kule kilihesabu, kikaona vijana wakipiga kura kisiwa kitasimama chenyewe, na kikasema wazi kwamba hakitapitisha kura ya namna hiyo. Kwa hiyo chaguo lako lilikuwa ni kura bila vijana au kusiwe na kura kabisa. Ukasema neno mzaliwa halina ubaya, halimtaji mtu, hakuna atakayelalamika mpaka limeshapita. Ukasema mambo haya yanakwenda kwa hatua. Nikakuuliza hatua hiyo inakanyaga nani. Mtandao ukaharibika.

Hapo ndipo nilipoanza kukupigia kila siku. Asubuhi, mchana, wakati wa chakula chako. Nilikuwa kero na nilikusudia kuwa kero. Ukaanza kuniandikia vijineno, niko ndani dada, niko na wageni dada, nimekusikia dada. Uligeuza neno dada likawa mlango wa kunifungia nje. Nakumbuka hilo sasa kuliko ninavyopenda.

Ninakuja kwa Kiroboto. Unajua alikuwa mjamzito, wifi alimtumia zile nguo ndogo. Unajua pia, au uliambiwa ukasahau, kwamba yule wa kwanza alimzaa kwa kisu, na kovu lake sikulipenda. Nilikuwa nimeshamwekea nafasi melini mapema kuliko mtu yeyote. Siku ya safari alikuja gatini bila begi. Akasema mbele ya abiria wote kwamba havuki. Akasema yeye ameshaambiwa si mtu wa hapa, sawa, lakini huyu hataambiwa na mtu, huyu atazaliwa kisiwani hata kama ni juu ya meza ya jikoni, na wakija na daftari lao watamkuta ndani yake. Nilimfokea, Wakili. Nilimfokea kwa maneno ambayo mama hamwambii mwanawe mbele ya wapakia mizigo. Nikamwambia kuhusu kovu, nikamweleza kinachotokea kovu likiachia, kama ninavyowaeleza wote, bila kupaka sukari. Akasema anajua, amekua akinisikia nikiyasema hayo kwa watu. Mumewe, fundi, alisimama pale anazungusha bisibisi mkononi, analia waziwazi. Meli ikaondoka. Wiki iliyofuata wengine kliniki nao wakakataa, na mpishi wa shule akasema naye zamu yake ikifika hapandi.

Utasema ni ukaidi. Ni ukaidi, ameutoa wapi sijui, labda kwa yule mtoto aliyepewa jina la Wakili kwa sababu aliwatetea wenzake darasani mpaka akachapwa yeye. Lakini ukaidi huu una baba yake, na baba yake ni kile kifungu. Kabla yako, hakuna mwanamke katika kisiwa hiki aliyewahi kuhatarisha damu yake kwa jambo kama hilo.

Sasa kaa vizuri.

Jumanne mchana, kabla ya wiki zake kutimia, uchungu ulimshika akiwa hapa kwa Mama. Niliposhika tumbo nilijua. Sitakuandikia nilichokihisi chini ya kiganja, wewe si mkunga, ila nilijua kwamba hatuna siku wala jioni, tuna muda mfupi tu na chumba cha upasuaji kiko nyuma ya ukuta. Daktari wetu alikuja mbio na gari la wagonjwa, tukamweka kwenye machela, tukaenda moja kwa moja hadi lango la kambi. Askari wa zamu alikuwa kijana mpole. Akasema anaelewa, akasema ana mke, akasema bila ombi la gavana au la mbunge hawezi kuinua kile chuma. Gavana alikuwa huko huko kwenu, amekwenda kushuhudia muswada. Kwa hiyo ulibaki wewe. Simu moja, kama ile ya mwenye duka la saruji.

Nikakupigia. Ukakata. Nikakupigia tena, ukakata. Ndipo ukaniandikia. Nakunakilia hapa ujumbe wako kama ulivyouandika, maana huenda umeusahau: Dada niko ndani ya kamati. Najua ni kile kifungu. Tutaongea kesho.

Haikuwa kile kifungu.

Nilikuandikia kwamba ni Kiroboto, ni damu, piga kambini. Haikufika. Nikapiga, nikaambiwa haipatikani. Umeifungia namba yangu, mdogo wangu, pale pale, baada ya neno kesho. Daktari alikupigia kwa simu yake, ikaita bure, akapiga ofisini kwako, na karani akamjibu kuwa una agizo, simu zote za kisiwani zisubiri mpaka kifungu kipite. Mwanangu alikuwa kwenye machela jua linampiga usoni, nimemkinga kwa kanga yangu, amenishika mkono. Akaniuliza mjomba amesemaje. Nilikuwa sijajua bado kusema uongo kwa haraka. Nikamsomea kama ulivyoandika. Akafumba macho.

Aliyefungua lango ni fundi. Kule kambini ndiye anayetengeneza jokofu lao la nyama, na sajenti wa jiko anamfahamu. Alipanda juu ya boneti ya gari la wagonjwa akamwita kwa sauti ambayo sikujua anayo. Sajenti akatoka na aproni ya jikoni, akatazama machela, akainua kile chuma kwa mikono yake. Nasikia amewekwa ndani kwa sababu hiyo. Mpasuaji wao hakuuliza ombi, alinawa akaingia, na namshukuru mpaka siku nitakayokufa. Lakini tulikuwa tumesimama langoni muda mrefu.

Kiroboto yuko hai. Amelala chumba cha nyuma, anakunywa uji nikimshikia kikombe. Hatazaa tena. Kilichokuwa cha kuzalia kimebaki kambini kwenye ndoo.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka na pumzi, alilia, sauti nyembamba lakini ya kweli, na tukamkumbatisha ngozi kwa ngozi kwa baba yake kwa sababu mama yake alikuwa bado hajaamka. Aliishi mpaka alfajiri. Tulimzika Jumatano, karibu na Baba. Karani wa vizazi na vifo alituandikia vyeti vyake viwili kwenye meza moja, kwa kalamu moja, na pale penye mahali pa kuzaliwa aliandika kisiwani. Tangu wodi ifungwe, huyo ndiye mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kuzaliwa katika ardhi hii. Anazo sifa zote za kifungu chako isipokuwa uhai.

Nimewakataza wote wasikuambie. Nilitaka upate kwangu, kwa mkono wangu, mahali ambapo huwezi kukata. Sikuandiki kwa ajili ya pole yako. Ukijaribu kuja na pole, nakuapia nitakufungia mlango, na Mama ameshasema atashikilia upande wa ndani. Naandika kwa sababu muswada unasomwa mara ya mwisho Jumatano ijayo, na nimeelezwa kuwa mbunge anaweza bado kusimama na kuomba neno lirudishwe. Wanawake waliokuwa wamemfuata Kiroboto wote wamekubali kuvuka, nimewafungia mabegi mwenyewe. Amebaki mpishi wa shule. Alikuja mazikoni, akanishika bega, na akaniambia kwamba sasa ndiyo kabisa hapandi. Zamu yake inakaribia. Ukisimama Jumatano, nitakwenda kwake nimwambie mbunge amesimama, nimshike mkono mpaka melini. Usiposimama, sijui nitamwambia nini, na lile lango litakuwa limefungwa kuliko lilivyokuwa.

Najua watakachokufanyia. Watakunyang'anya kiti, gari na ile nyumba yenye bustani, na labda hakutakuwa na kura kabisa mwaka huu wala mwaka ujao. Basi kusiwe. Baba alikaa maisha yake yote bila kuulizwa, na hakuna mtoto wake aliyekufa kwa sababu ya lango.

Nakupenda bado, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ningeweza kukuchukia ningekuwa nimelala usingizi tangu juzi.

Msalimie wifi yangu, na umwambie habari hii wewe mwenyewe, usimwachie asikie kwa watu. Zile nguo alizotuma tulimzika nazo, mwambie zilimtosha. Wabusu watoto. Mama hakutoa salamu, amesema tu niandike kwamba yupo. Fundi naye hajatoa, na sikumuuliza.

Mpwa wako hajakutukana hata mara moja. Jana jioni, nikimgeuza upande, aliniuliza jambo moja tu kukuhusu, kama mjomba alipiga hiyo kesho yake. Nimemwambia ulipiga, na kwamba ulilia.

Ni mimi,
dada yako.